Uzito wa Mwili na Mwendo wa Mhusika Aliyekatwa Mguu: Uhakiki wa Kisiwa chenye Hazina na Moby-Dick

Utangulizi

Katika sura ya kwanza ya Treasure Island, riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kama kitabu mwaka 1883 na kutafsiriwa kwa Kiswahili wakati wa ukoloni kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, mtoto Jim Hawkins anaahidiwa peni nne kila mwezi ili awe macho na baharia mwenye mguu mmoja. Baharia huyo bado hajaonekana. Hata hivyo anamjia Jim ndotoni katika usiku wa dhoruba, na kila anapomjia mwili wake umebadilika: mara mguu umekatiwa gotini, mara nyongani, mara ni dubwana ambalo tangu kuumbwa lina mguu mmoja tu, nao umeota katikati ya kiwiliwili. Dubwana hilo humkimbiza Jim likiruka nyua na mitaro bila kuchoka.

Kiumbe wa ndoto hii hana uzito. Hakanyagi mahali, hatoki jasho, na mguu wake unaweza kuhama kutoka gotini hadi nyongani kwa sababu hakuna kitu kinachoegemea juu yake. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya uhakiki unaomhusu mhusika aliyekatwa mguu umebaki ndani ya ndoto ya Jim. Mhakiki huuona mguu uliokosekana, huuita ishara ya uovu, ya kisasi, ya adhabu au ya jamii iliyolemaa, kisha hupita. Mwili uliobaki baada ya kisu cha tabibu, wenye kilo zake na unaotafuta mahali pa kuzitua, hausomwi. Katika riwaya mbili zinazochunguzwa hapa, yaani Kisiwa chenye Hazina na Moby-Dick ya Herman Melville (1851), mwili huo umeandikwa kwa makini kiasi kwamba kuuacha ni kuacha sehemu ya hadithi yenyewe. Rejea zote ni za matini asilia ya Kiingereza.

Hoja kwamba fasihi huwatumia watu wenye ulemavu kama vyombo si ngeni. David T. Mitchell na Sharon L. Snyder, katika Narrative Prosthesis (2000), walionyesha jinsi masimulizi yanavyouegemea ulemavu: kasoro ya mwili hulipa simulizi sababu ya kuanza, na mara nyingi simulizi hufungwa kwa kuiponya kasoro hiyo au kumwondoa mwenye nayo. Hoja yao imewasaidia wahakiki wengi, na makala haya yanaikubali. Lakini ina gharama moja isiyotajwa sana. Kwa kuufanya mguu bandia kuwa sitiari ya kazi ya fasihi, nadharia hiyo inauondoa mara ya pili kutoka kwa mtu anayeuvaa. Katika sitiari, mguu bandia haubani, hauchubui wala hauvunjiki.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuwa mwangalifu hapa. Lugha yenyewe imewaweka kiwete, kilema, kipofu na kiziwi katika umbo la ki-vi, umbo la vitu, ingawa upatanisho wa kisarufi huwarudisha kwenye kundi la watu. Kwa upande mwingine, methali ya Hujafa hujaumbika huwaonya walio wazima kwamba mwili haujafika mwisho wa kuumbwa kwake maadamu mwenyewe yu hai. Methali hiyo haisemi habari ya adhabu. Inauona mwili kama kitu kinachoendelea kupata umbo jipya, nao ni mtazamo unaofaa zaidi kwa uchunguzi huu kuliko ule wa ishara.

Uzito unaobaki

Kabla ya kuziendea matini, inafaa kueleza kwa ufupi kinachotokea kwa uzito wa mtu baada ya kukatwa mguu. Kwa makadirio yanayotumika katika tiba na katika ufundi wa viungo bandia, mguu mzima kutoka nyonga hadi unyayo ni takribani asilimia 16 ya uzito wa mwili. Sehemu iliyo chini ya goti, pamoja na unyayo, ni takribani asilimia 6. Mtu wa kilo 90 aliyekatwa nyongani hubaki, kwa hesabu hiyo, na kilo 75 au 76. Mizani itamwonyesha kuwa mwepesi kuliko alivyokuwa, huku kila hatua ikimwonyesha kuwa mzito zaidi. Kipimo cha uwiano wa uzito na kimo nacho hupotosha kisiporekebishwa, kwa kuwa huuhesabu mwili uliopungua kana kwamba ni mwili mzima uliokonda. Kadiri mguu ulivyokatwa juu zaidi ndivyo nguvu inayohitajika kwenda mwendo uleule inavyoongezeka, na anayetembea kwa mkongojo bila mguu bandia hutumia mikono, mabega na kifua kufanya kazi ambayo paja liliumbwa kuifanya. Mguu uliobaki nao hulemewa na kuchakaa. Wengi huongezeka uzito baadaye kwa sababu mwendo umepungua ilhali chakula ni kilekile. Na kwa mwenye mguu bandia, kilo chache tu za kuongezeka au kupungua zinatosha kuufanya umbane au umlegee.

Long John Silver, mpishi wa meli katika riwaya ya Stevenson, amekatwa mguu wa kushoto karibu na nyonga. Ni mrefu sana, ana nguvu, uso wake ni mpana kama paja la nguruwe lililokaushwa, na mwenyewe anasema umri wake ni miaka 50. Kila kipengele katika maelezo hayo kinaongeza mzigo. Mtunzi angeweza kumfanya mwembamba mwenye mguu wa mti, kama maharamia wa michoro walivyokuja kuchorwa baadaye, lakini hakufanya hivyo. Tena Stevenson alikiri, katika barua ya mwaka 1883 kwa rafiki yake mshairi William Ernest Henley, kwamba Silver alitokana na nguvu ya Henley mwenyewe, mtu aliyekatwa mguu wa kushoto kwa sababu ya kifua kikuu cha mifupa, na ambaye mguu wake wa pili uliokolewa na tabibu Joseph Lister mjini Edinburgh katika miaka ya 1870. Tofauti moja haisemwi sana: Henley alikatwa chini ya goti. Stevenson aliupandisha mkato hadi nyongani.

Uamuzi huo una matokeo makubwa kuliko unavyoonekana. Mtu aliyekatwa chini ya goti, hata katika karne ile, angeweza kufunga mguu wa mti na kusimama mikono yake ikiwa huru. Aliyekatwa karibu na nyonga hakuwa na kigutu cha kutosha kuushika mguu wa aina hiyo. Hivyo Silver anabaki na mkongojo mmoja chini ya kwapa la kushoto, na kila anaponyanyua unyayo wake wa pekee, mwili wote hutua kwenye ncha ya kijiti hicho. Ndoto ya Jim ilikuwa ikiuhamisha mkato huku na huko. Mtunzi ameukaza mahali pamoja, na kuanzia hapo hadithi inabidi iishi na uamuzi huo.

Sitaha na mchanga

Melini Silver ni hodari, na Stevenson anaonyesha uhodari huo unatoka wapi. Katika sura ya 10 mkongojo umefungwa kwa ugwe shingoni ili mikono iwe huru. Jikoni hukaza ncha yake kwenye ukuta wa mbao, akauegemea, akaufuata mwendo wa chombo kila kinapoyumba, na kuendelea kupika kana kwamba yuko nchi kavu. Pale sitaha ilipo pana zimetandazwa kamba za kujishikia, nazo mabaharia wamezipa jina la utani la hereni za Long John. Kwa kamba hizo huvuka hata bahari ikichafuka, mara akiutumia mkongojo, mara akiuburura, kwa kasi ya mtu mwenye miguu miwili. Hapa hakuna muujiza. Pana ubao mgumu usioachia ncha ya mkongojo kuzama, pana kuta za karibu, na pana watu waliokubali kutandaza kamba. Hata hivyo riwaya inaongeza kwamba mabaharia waliowahi kusafiri naye zamani walimhurumia kumwona amepungua namna ile. Sentensi hiyo fupi ndiyo pekee inayompa Silver mwili wa kabla ya ajali, nayo inatosha.

Kisiwani mambo yanageuka. Chombo kilichokuwa kikiyumba kilimwacha imara, na ardhi iliyotulia ndiyo inayomwangusha. Katika sura ya 20 Silver anakwenda kufanya mapatano na Kapteni Smollett aliyejifungia bomani na watu wake, Jim akiwamo. Anautupa mkongojo ng'ambo ya ua wa miti, anajivuta kwa mikono, anauruka ua peke yake na kutua salama. Kisha anaanza kupanda kilima kidogo chenye visiki na mchanga laini, na hapo mtunzi anamfananisha na chombo kilichokwama katikati ya bisho, kisichoweza kwenda mbele wala kugeuka. Mfano huo haukuchaguliwa kwa ajili ya pambo. Silver aliyekuwa sehemu ya chombo akiwa baharini amekuwa chombo kibovu nchi kavu, na sababu ni ya kimaumbile kabisa: ncha ya mkongojo ni nyembamba, uzito wote unaipitia, na mchanga hauna cha kuuzuia. Anapanda kimya bila kulalamika, na Jim anauona ukakamavu huo.

Smollett anakataa kumwingiza ndani. Silver anaketi mchangani, na kabla ya kuketi anatahadharisha kwamba itabidi wamsaidie kusimama. Mazungumzo yanavunjika, naye anaomba mkono. Kapteni anakataa. Anawauliza wengine ni nani atakayemwinua, na hakuna anayetikisika. Anatambaa mchangani huku akilaani hadi anaposhika nguzo ya baraza na kujiinua juu ya mkongojo wake, kisha anaitemea mate chemchemi yao na kuondoka.

Mhakiki wa ishara ataridhika hapa: mwovu ametambaa kama nyoka, na haki imetendeka. Kukataa kwa Smollett kuna sababu zake, maana mbele yake yuko muuaji na kiongozi wa maasi. Lakini matini haiishii hapo. Silver anaporudi kwenye ua uleule aliouruka peke yake muda mfupi kabla, anashindwa mara nne au tano, na hatimaye anavushwa na mwenzake aliyebeba bendera ya amani. Urefu wa ua haujaongezeka. Kilichobadilika ni misuli: kilima kimepandwa, mwili umejiburura na kujiinua kwa mikono mitupu, na nguvu zimekwisha. Maelezo hayo ya mara nne au tano hayaihudumii ishara yoyote. Mtunzi aliyetaka alama ya uovu tu angemaliza kwenye mate ya chemchemi. Stevenson ameandika uchovu, na uchovu ni wa mtu.

Jambo jingine katika tukio hilo linamhusu msimulizi. Jim ameiacha zamu yake na kusogea karibu ili atazame. Kwa hiyo yumo miongoni mwa wale wasiotikisika. Hasemi lolote kuhusu mkono wake mwenyewe. Katika sura ya 31 hesabu hiyo inarudi kwa njia isiyotarajiwa. Jim sasa ni mateka, amefungwa kamba kiunoni, na Silver ameishika ncha ya pili. Wanapanda mteremko wa kokoto zinazoporomoka, Silver akitweta, na mara kwa mara Jim humpa mkono ili asianguke kinyumenyume. Mkono ulionyimwa na mtu huru unatolewa na mfungwa. Riwaya haitoi maelezo yoyote juu ya hilo, na pengine ndiyo sababu tukio hili hutajwa mara chache kuliko lile la bomani. Kamba inayomfunga mtoto ni kamba ileile inayomshikilia mzee, na msomaji hawezi kusema kwa hakika ni nani amemfunga nani.

Sura ya 33 inakamilisha picha. Wakikimbilia mashua, Silver anaruka juu ya mkongojo hadi misuli ya kifua inakaribia kupasuka, na Jim anashuhudia kwamba mtu mzima wa viungo hajapata kufanya kazi kama ile. Anaongeza kwamba daktari Livesey naye ana maoni hayo. Hata hivyo Silver yuko nyuma yao kwa yadi 30, na wanapofika juu ya mteremko anakaribia kukosa pumzi kabisa. Fiziolojia ya leo haina cha kusahihisha katika maelezo hayo. Kutajwa kwa daktari kuna uzito wake pia: kwa mara ya kwanza mwili wa Silver unahukumiwa kwa kazi uliyoifanya badala ya hofu unayoitia.

Si kila mahali Stevenson anaheshimu uzito aliouumba. Katika sura ya 14 Silver anamuua baharia Tom: anashika tawi, anauchomoa mkongojo kwapani na kuuvurumisha hadi kwenye uti wa mgongo wa Tom, halafu yuko juu yake mara moja, mwepesi kama nyani, bila mguu wala mkongojo. Kuvurumisha kunaaminika, kwa kuwa tawi limebeba mwili. Mruko wa baadaye hauaminiki. Kwa mistari miwili dubwana la ndotoni limerejea, na ni hapo tu ambapo mfano wa mnyama unatumika kuziba pengo la maelezo. Tena riwaya nzima haina neno juu ya kwapa linalochubuka wala juu ya kigutu chenyewe. Silver hutaja tu, kwa majivuno, usomi wa tabibu aliyemkata. Maumivu yake yote yamehamishiwa kwenye pumzi.

Ndoana iliyoteremshwa

Melville anayajua yale ambayo Stevenson ameyaacha. Ahabu, nahodha wa meli ya nyangumi Pequod, huvaa mguu uliochongwa kutokana na taya la nyangumi, na wahakiki wameupa mguu huo maana nyingi kiasi kwamba ni rahisi kusahau kuwa ni kitu kinachosimamiwa. Melville hasahau. Sitahani, karibu na mlingoti wa galme, yametobolewa matundu kwa keekee, yenye kina cha nusu inchi hivi, ili ncha ya mfupa ikae humo meli inapoyumba. Mbao anazozipita kila siku zimejaa vidimbwi vya nyayo zake. Katika sura ya 50 mashua yake imeongezewa ubao wa pili sakafuni ili ncha hiyo isiitoboe, na ubao wa mbele umechongwa shimo la kukazia goti anaporusha chusa. Seremala wa meli, katika sura ya 108, anafurahi kwamba hahitajiki kutengeneza kiungo cha goti, kisha ananung'unika kwamba nahodha ameua mguu mmoja, ameulemaza wa pili kwa kuutumikisha, na sasa anaimaliza miguu ya mfupa. Katika kazi hizi mbili hakuna kauli iliyo karibu zaidi na yale wanayoyaona mafundi wa viungo bandia, nayo imetiwa kinywani mwa fundi.

Tukio linalostahili kuwekwa kando ya lile la bomani limo katika sura ya 100. Ahabu anakwenda kwenye meli ya Kiingereza, Samuel Enderby, kwa pupa ya kupata habari za nyangumi mweupe, na amesahau kwamba tangu apoteze mguu hajapanda meli yoyote isipokuwa yake, yenye mtambo maalumu wa kumpandisha. Anafika ubavuni na kukuta ngazi ya vibao vilivyopigiliwa misumari. Nahodha mwenyeji, ambaye mwenyewe amepoteza mkono kwa nyangumi yuleyule, anaelewa papo hapo na kuamuru ndoana kubwa ya kuinulia mafuta ya nyangumi iteremshwe. Ahabu anaingiza paja lake katika pindo la ndoana, na huku akipandishwa anavuta kamba mkono kwa mkono ili asaidie kuuinua uzito wake mwenyewe.

Smollett na nahodha huyu wameletewa ombi lilelile la mwili. Mmoja analipima kwa makosa ya mwombaji. Mwingine analipima kwa kilo. Inafaa pia kuona kwamba ndoana ile hunyanyua nyama, na Ahabu haoni haya kukaa juu yake, kwa sababu hakuombwa kwanza atambae. Aibu ya Silver haitokani na mguu aliopoteza bali na mkono aliokataliwa. Usomaji wa ishara hauwezi kuzitenganisha aibu hizi mbili, maana kwake mguu uliokosekana umekwisha kuwa aibu tangu mwanzo.

Ahabu hajifunzi lolote kutokana na ukarimu huo. Anaondoka kwa hasira, anatua kwenye mashua kwa kishindo kinachoutia mguu ufa, na akiwa sitahani kwake anajigeuza ghafla ndani ya tundu lake hadi haumwaminishi tena. Ndiyo maana seremala anaamshwa usiku. Wakati wa kumfukuza Moby Dick mguu mpya nao unavunjika, na Ahabu anaonekana akining'inia begani mwa msaidizi wake Starbuck. Watafiti wa Melville huyasoma haya kama hatua za maangamizi, na ni kweli. Lakini kila hatua ya maangamizi hayo imepitia mahali ambapo uzito wa mtu ulikutana na mfupa uliochongwa.

Silver naye anaokoka. Wakati Jim na wenzake wako nje ya meli katika bandari moja ya Amerika ya Kihispania, anatoboa ukuta wa mbao, anachukua mfuko wa sarafu wenye thamani ya gini 300 au 400, na kuondoka kwa mashua. Sarafu hizo, kama zilikuwa za dhahabu, zilizidi kilo 2 na nusu. Mtu wa mkongojo mmoja alizishusha ubavuni mwa meli usiku, akajishusha na yeye mwenyewe, na msimulizi aliyemhesabia kila mruko mchangani hakuwapo kumwona.